Utendi wa Mwana Kupona kama Kitabu cha Nyumbani

Vitabu vya mtu ni vya namna mbili. Viko vitabu avisomavyo kwa sababu ni vipya, au vimehitajiwa na kazi yake, au vimesifiwa na rafiki zake. Na viko vitabu alivyovikuta nyumbani, ambavyo thamani yake imechanganyika na mikono iliyovishika kabla yake. Ukimwuliza mtu anasoma nini siku hizi, atakutajia kitabu cha namna ya kwanza. Ukimwuliza ni kitabu gani hawezi kukiacha kitoke mikononi mwake, atanyamaza kidogo, kisha atakutajia cha namna ya pili.

Uhakiki wetu umezoea kushughulika na namna ya kwanza peke yake. Husemwa kwamba mapenzi ya jamaa hayana nafasi katika hukumu ya maandishi, na kwamba ni wajibu wa mhakiki kukitoa kitabu nyumbani, kukipangusa vumbi na kukiweka mezani penye mwanga. Maneno hayo yana ukweli wake. Walakini yako maandishi ambayo, ukiyatoa nyumbani, umeyatoa pia katika sehemu kubwa ya maana yake. Nataka kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja ujulikanao na kila mwanafunzi wa fasihi yetu, nao ni Utendi wa Mwana Kupona.

Habari za utendi huu ni chache lakini zatosha. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja katika miaka ya 1840. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mjane wake alitunga utendi katika mwaka 1275 wa Hijra, yaani mnamo 1858, naye mwenyewe aliutaja mwaka huo ndani ya beti zake. Aliyetungiwa ni binti yake, Mwana Hashima, ambaye wakati ule alikuwa msichana. Mama alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Yafaa msomaji aziweke habari hizi mbele yake kabla ya kuhukumu neno lolote. Baba amekufa. Mama ni mgonjwa, na katika beti zake za mwanzo asema maradhi yamemshika hata yametimiza mwaka. Binti atabaki pasipo wazazi. Je, mama wa namna hii amwachie nini binti yake? Amwita aje akae mbele yake pamoja na wino na karatasi. Kisha amwambia kwamba atampa hirizi aifunge kwa uzi, na kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani.

Hapa ndipo penye ufunguo wa utendi mzima, nami nashangaa kuona jinsi wahakiki wengi wapitavyo mahali hapa kwa haraka. Mtunzi mwenyewe ametuambia kazi yake ni kitu cha namna gani. Hakuiita sheria wala hotuba. Ameilinganisha na hirizi na kidani. Hirizi huvaliwa mwilini kwa ajili ya kinga. Kidani huvaliwa shingoni, hurithiwa na binti kutoka kwa mama, huazimwa jirani mwenye harusi, kisha hurudishwa kwa mwenyewe. Vitu hivi viwili ni mali ya nyumba, na thamani yake haitengani na mtu aliyevitoa.

Sasa natuone yaliyoupata utendi huu ulipotoka nyumbani. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917 katika jarida la Harvard la taaluma za Afrika, huko Marekani. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena Uingereza, kwa jina la Kiingereza lenye maana ya shauri la Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Mwaka 1971 J.W.T. Allen akautia katika kitabu chake cha tendi sita. Kazi ya wataalamu hawa ni kubwa na hapana budi tuishukuru, kwani pasipo wao wengi wetu tusingeliupata. Lakini jina lile la 1934 lilifanya jambo moja ambalo mtunzi hakulifanya: liliugeuza wosia wa mama kwa mwana kuwa kanuni ya mke kwa mume. Tangu hapo msomaji huufungua akitafuta wajibu wa mke, na kwa kuwa aupata, hatafuti tena kitu kingine.

Matokeo yake nayaona darasani kila mwaka. Wanafunzi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema utendi huu ni pingu za mwanamke, wala haufai kufundishwa kwa vijana wa leo. Upande wa pili husema ni hazina ya adabu, na kwamba atakayeukosoa ameukosoa ustaarabu wa pwani. Aghalabu katika upande huu wa pili huwamo wachache walioujua utendi kabla ya kufika chuoni, kwa sababu bibi au shangazi aliukariri nyumbani. Hawa huutetea kwa uchungu, kama mtu amteteaye mzazi wake. Lakini wakiulizwa hoja zao, hushindwa kuzitoa. Nami nawaelewa, maana bibi yangu mzaa mama alikuwa akiukariri, na nakala ya nyumba yetu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ingali katika hifadhi ya jamaa zangu. Hata hivyo uchungu si hoja, na mhakiki yampasa awatafutie hawa hoja wanayoikosa, au awaambie wazi kwamba haipo.

Tuanze na palipo pagumu zaidi, tusije tukashutumiwa kwamba tumepakwepa. Mwana Kupona amwambia binti yake kwamba radhi za kumpatia kiumbe wokovu ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Kisha asema kwamba siku ya kufufuliwa mume ataulizwa atakalo, na mke atapelekwa peponi au motoni kwa neno lake. Aagiza pia kwamba mke aombe ruhusa kabla ya kutoka, na asikawie aendako. Maneno haya ni wazi, na asemaye kuwa si mazito hakuyasoma. Mhakiki Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, alitaka tuyafikiri upya, akaonyesha kwamba pengine iko kejeli ndani yake. Hoja yake ina nguvu hasa pale mtunzi amwambiapo binti amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Huyu mtawala wa pepo na moto, mara amegeuka mtoto wa kubembelezwa!

Mimi sidhani kwamba kejeli yatosha kuueleza utendi wote. Mgonjwa aliyekaa na wino na karatasi mbele ya mwanawe hana nafasi nyingi ya kufanya mzaha juu ya ahera. Nionavyo, maana ya beti hizi hupatikana tukiukumbuka mpangilio wake. Mama haanzi na mume. Aanza na dini, kisha adabu, kisha ulimi, kisha uaminifu kwa watu. Mume aja baadaye. Na baada ya masharti yote yale magumu, mama ageuka ghafula akasimulia ndoa yake mwenyewe: jinsi alivyokaa na baba wa binti kwa furaha na kicheko, pasipo kuvunjiana heshima, na jinsi yule bwana, ajali ilipomfika, alivyorudia kumpa radhi yake. Hapa ndipo neno “radhi” lipatapo uzito wake wote. Radhi ya mume, iliyokuwa tisho katika beti za kwanza, sasa ni kumbukumbu ya mjane kuhusu mtu aliyempenda. Binti aliyekuwa akiandika alimjua mtu huyo, kwa kuwa alikuwa baba yake.

Msomaji wa nje aona kanuni na mfano wake. Binti aliona jambo jingine: mama yake akimpa habari za mwisho za baba yake, na kumthibitishia kwamba wazee wake waliachana kwa wema. Hicho ndicho nilichokiita maana ya nyumbani. Hakikuongezwa na mapenzi ya msomaji, bali kimo ndani ya beti zenyewe, na hukipata yule tu akumbukaye nani aliambiwa na nani.

Lakini mapenzi ya nyumbani yasitupofushe. Katika utendi huu mama amwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nyumba ile iliyokuwa na kidani ilikuwa pia na watu waliomilikiwa, na sauti zao hazikuandikwa kwa wino ule. Mwenye kuurithi utendi kwa bibi yake amerithi na ubeti huo, wala hana ruhusa ya kuuruka asomapo. Urithi ni wa kitu kizima. Achaguaye vipande vya kumpendeza hakurithi, amenunua.

Si Mwana Kupona peke yake aliyeandika kwa ajili ya mwana. Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tendi mbili za wosia, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume, na zote zimo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Tofauti yatufundisha. Shaaban Robert alikuwa mwandishi wa vitabu; alijua kwamba zaidi ya mtoto wake wako wasomaji wengi wanaosikiliza, na tendi zile zilikwenda kwao pamoja na habari za maisha yake. Wosia wa Mwana Kupona ulitangulia kupita mkono kwa mkono na kinywa kwa kinywa, ndipo ukafika penye mtambo wa chapa.

Wala asidhani mtu kwamba nataka utendi huu urudishwe sandukuni, usomwe na jamaa za mtunzi peke yao. Mtunzi mwenyewe alikataa jambo hilo. Karibu na mwisho wa utendi anyosha sauti kuwaita wanawake wote wausome na kuifahamu maana yake. Kidani alichomtungia mmoja akakitoa kiazimwe na wengi. Lakini kuazima kuna adabu zake, na adabu ya kwanza ni kujua ni cha nani. Atakayeufundisha aanze na binti aliyekaa na karatasi, ndipo afike kwenye wajibu wa mke. Akifanya hivyo, upande ule wa darasa uonao pingu utaendelea kuziona, nao utakuwa na haki. Lakini utaona pia mkono uliozishika, kwamba ulikuwa mkono wa mgonjwa akitafuta kwa haraka chochote cha kumkinga mwanawe.

Limebaki jambo moja ambalo halingoji. Nakala nyingi za tendi zetu zimehifadhiwa London, na nyingine katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo Allen alitoa orodha yake mwaka 1970. Lakini ziko zilizobaki majumbani, katika masanduku na juu ya makabati, na mchwa haulizi thamani ya karatasi. Namsihi kila msomaji mwenye mzee aliye hai amwulize ni maandishi gani yaliyomo nyumbani. Asiyanyang'anye kwa jina la elimu. Ayanakili mbele ya mwenyewe, na pembeni aandike jambo ambalo orodha za maktaba mara nyingi hukosa nafasi ya kulieleza: nani alimpa nani, lini, na kwa sababu gani. Mstari huo mmoja waweza kumfaa mhakiki ajaye kuliko kurasa kumi za sherehe.