"Umbo" si "Muundo": Juu ya Tafsiri za Elimu ya Kaboni

Kosa la mfasiri wa sayansi mara nyingi halimo katika neno geni, bali katika neno la kawaida linalodhaniwa kuwa limekwisha kueleweka. Tumelikuta kosa hilo katika tafsiri zinazoeleza jinsi kompyuta inavyotumika kutafuta fuwele mpya za kaboni iliyo chini ya kanieneo kubwa. Wafasiri huandika "maumbo mapya ya kaboni", na hapo msomaji hupotea.

Na tumwendee mchongaji wa Newala au Masasi. Akitwaa gogo la mpingo akalichonga sanamu, amebadili umbo. Mpingo umebaki mpingo. Kaboni haigeuki hivyo. Kinywe, ambacho hazina yake imo Ruangwa, kaskazini mwa Masasi, ni laini na cheusi. Almasi ya Mwadui ni ngumu na hupitisha nuru. Vyote viwili ni kaboni. Katika kinywe kila atomi imefungamana na atomi tatu jirani, katika tabaka zinazoteleza. Katika almasi imefungamana na nne. Kinachotofautiana ni muundo. Mwalimu akisema "umbo", mwanafunzi atadhani almasi ni kinywe kilichochongwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba kinywe, kikibanwa bila kupashwa moto hadi gigapaskali 17 hivi, huwa kigumu hata kuacha alama juu ya almasi. Muundo wake haukuwa wazi. Mwaka 2006 Oganov na Glass walichapisha njia ya kubashiri miundo ya fuwele kwa kompyuta, na mwaka 2009 ulipendekezwa muundo ulioitwa M-kaboni, mingine ikafuata. Hayo yalikuwa matokeo ya hesabu. Kuandika "imegunduliwa" ni kumwonyesha msomaji jiwe ambalo hakuna aliyelishika.

Haki itendeke: neno "kanieneo" limetumiwa vyema. Ni kani juu ya eneo; maana imo ndani ya neno lenyewe. "Shinikizo" na libaki kwa damu na siasa.

Tunapendekeza basi: "umbo" kwa sura ya nje, "muundo" kwa mpangilio wa atomi; "kubashiri" kwa kilichokokotolewa, "kugundua" kwa kilichothibitika. Ofisa apangaye mambo ya madini huitegemea tafsiri. Tusimpe tumaini lisilokuwamo katika maandishi ya asili.