Posho ndiyo iliyochora njia

Katikati ya mwaka 1894, baada ya kupanda volkano ya Nyiragongo, msafiri Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliliacha Ziwa Kivu akashika njia ya magharibi kuelekea bonde la Lowa. Alikuwa na wenzake Kersting na von Prittwitz, pamoja na mamia ya wapagazi. Walikuwa wametoka Pangani Desemba iliyotangulia. Novemba 1894 wakafika Matadi, upande wa pili wa bara. Mtu anayeijua nchi ya Kashebere, pale Masisi inapopakana na Walikale na milima ikishukia msituni, atauliza mara moja: watu wote hao walikula nini?

Swali hilo ni zuri kuliko kuuliza dira ilielekea wapi. Mpagazi alibeba kama kilo 30, na mzigo wenyewe ulikuwa vitambaa vya merikani, ushanga, risasi na mahema. Hata angebeba chakula chake tu, kwa kilo moja kwa siku, mwezi ungekwisha naye hana kitu. Kwa hiyo posho ilinunuliwa, au ikanyang'anywa, njiani. Msafara haukunyooka: ulifuata vijia vya wenyeji kutoka migomba hadi migomba. Anayesema hapakuwa na njia hajawauliza wenyeji wa huko, Wanyanga na Wahunde.

Miaka saba kabla, msafiri Henry Morton Stanley aliyaona hayo ya njaa kwa uchungu katika msitu wa Ituri. Alitoka Yambuya tarehe 28 Juni 1887 na watu 389, wengi wao Wazanzibari. Waliokwenda mbele walifyeka kwa mapanga na mashoka, lakini kilichowaua hasa ni njaa, maana wavamizi wa pembe walikuwa wameteketeza vijiji na mashamba. Alipofika Ziwa Albert Desemba 13, zaidi ya nusu hawakuwa naye.

Halafu kuna urefu wa foleni. Watu 600 wakifuatana mmoja mmoja, hatua mbilimbili kati yao, ni zaidi ya kilomita nzima. Kirangozi, yaani kiongozi wa mbele, akisimama kwenye mto, mkia hauna habari. Daraja la kamba za porini hupitisha watu wachache kwa wakati; mto mmoja huweza kula asubuhi yote.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, alijua kwamba mwendo kama huo haupimwi kwa maili. Mwaka 1876 alipokubali kumsindikiza Stanley kutoka Nyangwe kwa dola 5,000, hawakuhesabu maili. Walihesabu kambi 60, kila moja mwendo wa saa nne. Msitu ukamchosha hata hivyo. Desemba akageuka, kambi 60 hazijatimia.