Njia Isiyotokea

Katika mikutano ya hapa Tunduma kuna kauli moja ambayo haikosekani: "Wananchi wanajenga ovyo." Nimeisikia kwa miaka mingi, na nilipokuwa bado na cheo niliitamka mwenyewe, tena kwa sauti ya kiualimu. Sasa ni mstaafu, nina muda wa kutembea, na nimefika mahali pa kuikataa.

Nianze na msiba. Mwaka 2021 alifariki jirani yangu, mzee ambaye jioni tulizoea kunywa naye chai. Jeneza lilipotolewa nyumbani lilifika kwenye kona iliyo kati ya kuta mbili, likagoma kupinda. Vijana walilirudisha nyuma, wakajaribu kulisimamisha, shangazi wa marehemu akapiga kelele wasifanye hivyo. Mwishowe lilipitishwa juu ya ukuta, mikono ya upande huu ikiikabidhi mikono ya upande ule. Kona ile naifahamu vizuri. Niliiuza mimi.

Lilikuwa shamba langu la mahindi, ekari mbili, nje ya mji wa wakati ule. Mwaka 1997 nilihitaji ada za watoto, nikauza kipande cha mbele. Kipimo kilikuwa hatua ishirini kwa thelathini, hatua za muuzaji mwenyewe, na mjumbe akiwa shahidi. Baadaye nikauza cha nyuma yake, kisha cha nyuma ya hicho. Kila mnunuzi aliuliza jambo moja: "Mwalimu, nitapita wapi?" Nami nikamwonyesha upenyo. Hakuna aliyeuliza upenyo huo utatokea wapi, wala mimi sikujiuliza. Jirani yangu wa upande wa pili naye aliuza kwa mtindo huohuo, akianzia kwake, na migongo ya wateja wetu ikakutana katikati. Basi ovyo hiyo iko wapi? Kila mtu alijenga kwa akili timamu ndani ya kiwanja chake. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakuna mnunuzi mmoja angeweza kukinunua, yaani mtaa.

Tazama sasa mji mzima. Unafanana na mfupa wa samaki. Uti wake ni barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na vichochoro ni miiba: kila mmoja umeshikamana na uti, lakini haugusani na mwenzake. Upande mmoja upo mpaka na Nakonde. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo haivukwi popote mtu apendapo. Na barabara ya Sumbawanga inakuja kuungana na ile kuu humuhumu mjini. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta tukikaribia laki moja. Ile ya mwaka 2022 ilitukuta tumepita laki mbili. Watu wameongezeka zaidi ya maradufu, uti ni uleule.

Hapo ndipo lori huonewa. Foleni ya magari ya Zambia na Kongo ikirefuka, mji husimama, na lawama zote humwangukia dereva. Kituo cha huduma za pamoja mpakani, kilichofunguliwa mwaka 2019, kimefanya kazi yake na kinastahili sifa. Lakini hata ukaguzi ungekuwa wa dakika tano, bado mama anayepeleka mtoto zahanati, bodaboda mwenye gunia la mchele na mwanafunzi wa darasa la pili wangelazimika kuingia barabara ileile ya malori, kwa kuwa hawana nyingine. Nimehesabu mwenyewe, kwa fimbo na subira ya uzee: kutoka mlangoni kwangu ninaiona paa ya shule ya msingi, na kama ningekuwa kunguru ningefika kwa hatua mia mbili na hamsini. Kwa miguu ni hatua elfu moja mia sita na arobaini, na zaidi ya nusu ni kando ya lami.

Wataalamu wa miji hulipima jambo hili bila mbwembwe. Huhesabu makutano ya njia: mangapi yanatoa njia nne, mangapi tatu, na ncha ngapi zimekufa. Ncha zilizokufa zikizidi, safari hurefuka, na kuzifungua baadaye ni kazi ngumu mno, maana nyumba hubomolewa na kujengwa upya, lakini njia hukaa. Kariakoo ni ushahidi. Mitaa yake iliyonyooka ilichorwa enzi za ukoloni, wakati nyumba zilikuwa za udongo. Nyumba hizo zimeondoka, maghorofa yamepanda, na mitaa ipo palepale. Sisemi Kariakoo hakuna msongamano. Upo, tena wa kukatisha tamaa. Ila ukizibiwa mtaa mmoja unakatiza mwingine. New York walichora mitaa yao mwaka 1811, sehemu kubwa ya kisiwa cha Manhattan ikiwa bado mashamba. Gharama ya mstari shambani ni kamba na vigingi. Gharama ya mstari huohuo kati ya nyumba ni fidia.

Kwa sababu hiyo ninasitasita mbele ya urasimishaji wa makazi. Hatimiliki ni kitu kizuri. Mjane mwenye hati hanyang'anywi nyumba kirahisi. Lakini mpimaji anapofika baada ya kuta, aghalabu hana budi kuchora kile anachokikuta, na kona yetu ya jeneza itapata namba na mhuri. Mpimaji huyo angetakiwa kwenye mashamba ambayo bado yana mahindi, huko pembezoni, ambako wiki hii mtu fulani anahesabu hatua ishirini kwa thelathini.

Mwaka jana nilikwenda kwa majirani na pendekezo. Nilijitolea hatua tatu za kiwanja changu, urefu wote, bure, ili njia ipite. Wawili walikubali. Wa tatu, ambaye ukuta wake ndio unaoziba upande wa pili, alinikaribisha vizuri, akaniandalia kiti na soda.

"Mwalimu," akasema, "njia ikitokea, wezi nao watatokea. Na mimi hatua hizi nilizilipia."

Alinionyesha karatasi ya mauziano. Iliandikwa mwaka 1999, imeanza kupauka, na chini yake ilikuwapo sahihi yangu kama shahidi. Nilimwahidi kurudi tuzungumze habari ya bei. Uzio wangu nimekwisha kuusogeza nyuma hatua tatu, na hivi sasa watoto wanachezea mpira hapo.