Waume Saba, Penzi Moja: Jinsi Evelyn Hugo Alivyojengwa

Mwandishi wa riwaya ya mapenzi kati ya wanawake wawili, akimleta mhusika anayevutiwa na wanawake na wanaume pia, hukutana mapema na swali la kiufundi: wanaume waliopita katika maisha ya mhusika huyo awafanye nini? Wengi hukata kona. Hutuambia kwamba mapenzi yale ya zamani yalikuwa ya uongo, kwamba mwanamke huyu alikuwa hajijui na sasa amejijua. Wengine humfanya kigeugeu anayeonja penzi la mwanamke mwenzake kisha akarudi kwa bwana wake. Njia ya kwanza inamfutia jana yake, ya pili inamfutia utu wake.

Taylor Jenkins Reid, mwandishi wa Marekani, alilikabili swali hilo ana kwa ana katika The Seven Husbands of Evelyn Hugo, riwaya iliyotoka mwaka 2017. Evelyn ni nyota wa Hollywood mwenye asili ya Kuba. Akiwa na umri wa miaka 79 anamwita mwandishi wa jarida, Monique Grant, ili amsimulie maisha yake. Ameolewa mara saba, lakini aliyempenda kuliko wote ni mwigizaji mwenzake, Celia St. James.

Ufundi wa Reid unaanzia kwenye muundo. Riwaya imegawanywa katika sehemu zenye majina ya waume, kuanzia Ernie Diaz hadi Robert Jamison. Celia hana sehemu yake. Penzi lake linapita ndani ya sehemu za wanaume, linakatika, linaungwa, linakatika tena. Katikati ya simulizi zimepachikwa habari za kubuni za magazeti ya udaku, kwa hiyo msomaji anayaona maisha ya Evelyn kama yalivyotangazwa, kisha anayaona kama yalivyokuwa. Evelyn alipokuwa akijenga jina lake, kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na kufutwa mwaka 1968, zilizuia kwa muda mrefu hata kudokeza mapenzi ya namna hii kwenye filamu. Vichwa vya sehemu vyenyewe vinatuonyesha hali hiyo: ulimwengu unahesabu waume, na penzi kubwa halina pa kuandikwa.

Waume wenyewe nao hawakufinyangwa kwa udongo mmoja. Ingekuwa rahisi kuwafanya wote pazia la kuficha penzi la Celia, lakini Reid amewatofautisha. Ernie ni njia ya kutoka mtaa wa kimaskini New York kwenda Hollywood. Ndoa na Rex North ni ya kibiashara. Harry Cameron, mtayarishaji wa filamu ambaye mwenyewe anapenda wanaume, ni rafiki wa kufa na kuzikana wa Evelyn na baba wa binti wa Evelyn. Don Adler ni habari nyingine kabisa. Evelyn alimpenda Don, alimtamani, alijivunia kuwa mkewe. Na Don akampiga. Celia anapoingia, Reid harudi nyuma kuyafuta mapenzi yale. Ubaya wa ndoa ile unabaki kuwa mkono wa Don, wala haugeuzwi kuwa ushahidi kwamba Evelyn hakuwahi kumpenda mwanaume. Penzi jipya halihitaji kughushi la zamani ili lionekane la kweli.

Kuna tukio moja fupi linalostahili kusomwa polepole. Monique, baada ya kusikia habari za Celia, anahitimisha kwamba Evelyn anapenda wanawake tu. Evelyn anamsahihisha papo hapo: anajitaja waziwazi kuwa mtu wa kuvutiwa na jinsia zote mbili, na anakataa kukatwa nusu ili aeleweke kwa urahisi. Kinachonivutia ni nani aliyepewa kosa lile. Monique ni msikilizaji makini, hana chuki, na hitimisho lake ndilo ambalo msomaji naye ameshalifikia. Reid anamsahihisha msomaji kupitia kwa Monique, bila mahubiri, kisha simulizi inaendelea.

Sehemu ngumu zaidi ni wivu wa Celia. Yeye anapenda wanawake tu, na hofu yake ni kwamba Evelyn ana mlango mwingine wa kutokea. Wakiwa na amani humhesabu Evelyn kuwa mwenzake. Wakigombana humsukumia upande wa wanaume. Reid anaiacha hofu hiyo iume, kwa sababu watu wanaopendana huumizana hivyo. Hata hivyo, hairuhusu iwe hukumu ya kitabu. Uvumi kuhusu wawili hao unapoanza, Evelyn anafunga ndoa ya ghafla huko Las Vegas na mwimbaji Mick Riva ili kuuzima, na analala naye. Celia hawezi kulivumilia jambo hilo, anaondoka. Usaliti ule, ukiuchunguza, haukuzaliwa na tamaa ya mwanaume. Umezaliwa na woga wa kupoteza kazi na jina, na woga huo tumeuona ukikua tangu Evelyn alipokuwa binti maskini.

Hapa nina lalamiko moja. Hadithi inampa Celia sababu ya kushuku zaidi ya mara moja, na kila mara mwanaume yumo. Msomaji mwenye haraka anaweza kutoka na imani ileile ya zamani, kwamba mpenzi wa namna hii hatulii. Tukio moja ambapo Evelyn anakuwa karibu na mwanaume anayemvutia kisha akarudi nyumbani kwa Celia, pasipo kishindo, lingeipa riwaya mizani bora.

Alice Walker aliipata mizani hiyo mapema, mwaka 1982, katika The Color Purple, iliyompatia tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwimbaji Shug Avery anampenda Albert, anaolewa na Grady, anampenda Celie, na utu uzimani anaondoka kwa muda na kijana wa miaka 19. Hakuna anayemtaja kwa jina la kundi lolote. Anayesimulia ni Celie, aliyeachwa, kwa hiyo maumivu tunayapata yote. Lakini Celie huyohuyo anakiri kwamba hana haki ya kumpangia Shug wa kumpenda. Ndipo Walker anapofanya jambo ambalo sijaliona mahali pengine likifanywa kwa upole kama ule: Celie na Albert, waliompenda mwanamke mmoja, wanaketi barazani wakishona pamoja na kuzungumza habari zake. Mapenzi ya mwanaume na ya mwanamke yamewekwa sawa, bila moja kulikana jingine.

Waandishi wapya wanaweza kwenda hatua nyingine. Katika One Last Stop ya Casey McQuiston, iliyotoka mwaka 2021, August, msichana anayempenda Jane, ameshajijua tangu mwanzo, na fumbo la hadithi liko kwingine.

Kwa anayeandika leo, nashauri jaribio moja kabla ya kupeleka mswada kwa mhariri. Chukua kila kosa la mhusika wako, kila usaliti na kila kuondoka, kisha jiulize: lingetokea iwapo angekuwa anavutiwa na jinsia moja tu? Evelyn angemkimbilia Mick Riva kwa woga uleule. Shug angetangatanga kwa kiu ileile ya kuishi. Jibu lako likiwa ndiyo, umeandika mtu mwenye tabia zake. Likiwa hapana, umeandika dhana ya majirani kuhusu mtu huyo, na sura hiyo inahitaji kuandikwa upya.