Pongezi kwa Wakaguzi wa Vifaa vya Polo ya Kayaki

Polo ya kayaki ni mchezo wa vishindo: wachezaji 5 kila upande na goli linaloning'inia mita 2 juu ya maji. Kayaki hugongana, na sheria inaruhusu kumsukuma mwenye mpira kwa kiganja hadi apinduke. Wakitoka majini wazima, wa kushukuriwa kwanza ni wakaguzi wa vifaa.

Kabla ya mechi, mkaguzi hupitisha kidole ukingoni mwa kafi akitafuta ufa au ncha kali. Hubonyeza kinga laini zilizobandikwa omo na tezi, aone kama zimeshika. Kofia isiyo na wavu wa kukinga uso haipiti, wala jaketi lililochakaa. Timu ikinung'unika, yeye hashawishiki.

Tangu mashindano ya kwanza ya dunia, Sheffield, Uingereza, mwaka 1994, medali huvaliwa na wachezaji. Lakini usalama wao hauanzi kwa refa, ambaye hutoa kadi kosa likishatendeka. Mkaguzi huizuia hatari kabla haijaingia majini. Hongereni sana! Nanyi waandaaji, wapeni muda wa kutosha: ukaguzi wa haraka haraka haumlindi mtu.