Waswidi, Wahamiaji na Chombo Kilichopotea Angani

Mimi ni mtu wa sinema za angani. Nipe chombo, nipe nyota na nahodha anayebonyeza vitufe tusivyovijua, nami sitaondoka kitini. Lakini picha hizi zina uongo mmoja, na walionionyesha ni Waswidi, katika filamu zao za uhamiaji. Uongo wenyewe ni huu: kwamba safari ni rahisi, na kwamba huko uendako hakuna mwenyewe.

Chukua Utvandrarna ya mwaka 1971. Jan Troell aliiongoza, akashika kamera mwenyewe na kuihariri mwenyewe. Inapita saa tatu na ndiyo, inakwenda polepole. Sasa ulitaka mahindi yakue kwa dakika mbili? Karl Oskar (Max von Sydow) na Kristina (Liv Ullmann) wanalima Småland, kusini mwa Uswidi, katikati ya karne ya 19, kwenye shamba ambalo mazao yake makuu ni mawe. Binti yao Anna, kwa njaa, anakula shayiri mpaka tumbo linamvimba, na anakufa. Kristina alikuwa amekataa katakata kwenda Marekani. Baada ya kaburi hilo habishi tena.

Halafu meli. Watu wamebanana chini ya sitaha, kuna chawa, kuna matapishi, kuna maiti zinazoshushwa baharini. Troell anakuweka humo muda mrefu kiasi kwamba nchi kavu inapoonekana unataka kushuka nao. Linganisha na Star Wars: unavuta wenzo mmoja, nyota zinageuka mistari, umefika. Hakuna hata anayetapika! Napenda mistari hiyo, lakini safari isiyomgharimu mtu kitu ni matembezi tu.

Kuna picha moja ya Hollywood iliyokaribia ukweli huu: Interstellar ya Christopher Nolan, 2014. Cooper anashuka kwenye sayari ya maji ambako saa moja ni sawa na miaka saba duniani. Anaporudi chomboni, jumbe za miaka 23 zinamsubiri, na anawatazama watoto wake wakiwa watu wazima kwenye skrini huku yeye hajazeeka. Yeyote mwenye ndugu aliyekwenda Doha au Dallas "kwa miaka miwili tu" anaijua sura ile ya Cooper. Bahati mbaya filamu inaondoka hapo haraka, ikimbilie shimo jeusi na kabati la vitabu. Na mwishoni, sayari mpya ipo tu, tupu, inangoja bendera.

Hiyo sayari tupu ndiyo inayonikera. Katika Nybyggarna (1972), mwendelezo wa Utvandrarna, ardhi nzuri ya Minnesota haikuwa tupu. Watu wa Dakota walikuwepo, wakanyang'anywa, wakaachwa na njaa, na mwaka 1862 wakapigana. Wanaume 38 walinyongwa siku moja mjini Mankato, na Troell hakuwaficha nje ya picha. Anachokataa kukupa ni njia rahisi: Karl Oskar umempenda kwa saa sita, umemwona akivunjika mgongo kwa kazi, na bado nyumba yake imesimama juu ya ardhi ya watu.

Basi nikaifikia Aniara (2018) ya Pella Kågerman na Hugo Lilja nikijua nachotafuta. Chombo kinahamisha watu kutoka dunia iliyoharibika kwenda Mars, safari ya wiki tatu. Kinakwepa takataka za angani, kinapoteza mafuta, na basi, hakirudi njiani tena. Ndani kuna maduka, mikahawa na michezo. Wahamiaji wamefungiwa kwenye duka kubwa lisilo na mlango wa kutokea. Kuna mashine iitwayo Mima inayowaonyesha dunia ya kijani waliyoiacha, nao wanaipangia foleni kama dawa, mpaka huzuni yao inaiua mashine yenyewe.

Filamu inatokana na utenzi wa Harry Martinson wa mwaka 1956. Martinson alipokuwa mtoto, baba yake alifariki, na mama yake akahamia Marekani akiwaacha watoto walelewe na watu baki. Ukilijua hilo, Mima inabadilika. Aliyeitunga hakuwa abiria. Alikuwa yule mtoto aliyebaki gatini.

Sisemi Aniara haina kasoro. Nusu ya pili inarukaruka miaka, na dini ya starehe inayozuka chomboni sikuiamini kamwe. Ila tarakimu inayotokea mwishoni, miaka 5,981,407, ilinifanya nizime taa nikae kimya.

Siku hizi Uswidi inahamiwa, na watu wanaofika huko nao wana filamu yao: Äta sova dö ya Gabriela Pichler, 2012. Raša, msichana mwenye asili ya Balkani, anapakia saladi kiwandani Skåne na kumtunza baba yake mgonjwa. Kazi inaisha, msimamizi anasoma majina, na la Raša limo. Hakuna nyota wala roketi. Kuna baiskeli, matope, na msichana anayejua kazi yake kuliko waliomfukuza. Kama wiki hii una nafasi ya filamu moja tu, waache wanaanga, mtazame Raša.