Kauli ya Nuhu: Kisa cha Gharika baina ya Tarihi na Kisasili

Mjadala kuhusu visa vya kale vilivyomo katika vitabu vitakatifu, iwapo visomwe kama tarihi au kama visasili, umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba kuna milango miwili tu, na kila msomaji hana budi kuingia kwa mmoja na kuufunga mwingine. Anayeshikilia tarihi humwona mwenzake kuwa ameikana imani. Anayeshikilia kisasili humwona wa kwanza kuwa ameachwa nyuma na elimu. Makala haya yanakichunguza kisa cha Nuhu na gharika, kama kinavyosimuliwa katika Mwanzo sura ya 6 hadi ya 9 na katika Kurani, hususan Sura ya 11, kwa nia ya kuonyesha kwamba mgawanyo huo, ingawa una maana yake, umelificha swali ambalo kwa mhakiki wa fasihi lilistahili kutangulia: ni nani anayesema ndani ya kisa, na kauli yake ina uzito gani? Kisa hiki kimeteuliwa kwa sababu ushahidi wa nje unaokihusu ni mwingi kuliko wa visa vingi vya aina yake, na kwa sababu sehemu yake ya mwisho imewagharimu Waafrika mno.

Istilahi zenyewe zahitaji kutazamwa kwanza. Kisasili, kwa matumizi ya wanafasihi wa Kiswahili, ni kisa kinachoeleza asili ya mambo: ulimwengu, kifo, koo, mila. Hakuna katika fasili hiyo panaposemwa kwamba kisasili ni uongo. Jamii inayokimiliki hukichukua kuwa kweli, tena kweli iliyo nzito kuliko habari za jana. Hata hivyo neno hili limebebeshwa mzigo wa neno la Kigiriki ambalo hapo awali lilimaanisha usemi au masimulizi tu, na baadaye likaja kupambanishwa na hoja ya kweli. Msomaji Mwislamu ana sababu ya ziada ya kulitilia shaka. Kurani mara kadhaa inawataja wakanushaji walioupuuza wahyi kwa kuuita asatiri, yaani ngano za watu wa kale, na inawakemea. Kwa hiyo mhadhiri anayetamka neno kisasili darasani akidhani ametaja utanzu tu, huenda nusu ya wanafunzi wake wamesikia shutuma.

Mnamo Desemba 1872, George Smith, mtumishi wa Makumbusho ya Uingereza ambaye kwanza alijifunza kazi ya kuchonga sahani za kuchapia noti, alisoma mbele ya hadhira ya London tafsiri ya kibao cha udongo kilichotoka katika magofu ya Ninawi. Kibao hicho, ambacho sasa hujulikana kuwa cha 11 katika utendi wa Gilgamesh, kinamleta mzee Utnapishtim akisimulia jinsi mungu mmoja alivyomwonya kwa siri, akaunda chombo, akakipaka lami, akapakia jamaa zake na wanyama, na baada ya dhoruba ya siku 6 na usiku 7 akaachilia njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru. Katika Mwanzo kunguru ndiye anayetangulia, na njiwa hutumwa mara tatu. Baadaye ulitambuliwa utungo mwingine, wa Atrahasis, ambao nakala zake zilizo kamili zaidi ni za karne ya 17 kabla ya Kristo. Humo sababu ya gharika si dhambi bali ni kelele: wanadamu wamekuwa wengi na mungu mkuu hapati usingizi. Ufanani wa ndege, lami na sadaka ya mwisho ni wa kina mno kuweza kuitwa sadfa. Anayekisoma kisa cha Mwanzo bila kujua kwamba kilikuwa na mtangulizi Mesopotamia anasoma jibu bila kulisikia swali. Hilo la kelele kugeuzwa kuwa dhuluma iliyoijaza nchi ndilo badiliko kubwa kuliko yote, wala halionekani kwa msomaji ambaye macho yake yote yako kwenye vipimo vya safina.

Baada ya Smith wakafuata wachimbaji. Mwaka 1929 habari zilienea kwamba Leonard Woolley, akichimba Uru kusini mwa Iraki, alikuwa amekuta tabaka nene la udongo safi lililoletwa na maji, na kwamba hiyo ndiyo gharika ya Nuhu. Ilibainika baadaye kuwa matabaka ya namna hiyo katika miji mingine ya eneo hilo ni ya nyakati tofauti, na kwamba Eridu, ulio jirani na Uru, hauna tabaka kama hilo. Mwaka 1998 William Ryan na Walter Pitman walichapisha kitabu wakidai kwamba chimbuko la kumbukumbu hiyo ni kumiminika kwa maji ya Bahari ya Mediterania katika Bahari Nyeusi miaka ipatayo 7,600 iliyopita; nadharia hiyo nayo imepingwa na wanajiolojia wengine. Kuna kejeli katika juhudi hizi. Matini yanasema kwamba maji yaliifunika milima yote iliyo chini ya mbingu. Anayeonyesha tope la Uru na kusema kwamba Biblia imethibitishwa ameigeuza gharika kuwa mafuriko ya mto. Ameitetea tarihi kwa kuyaacha maneno ya kitabu anachokitetea.

Ushahidi wa ndani una manufaa zaidi. Katika Mwanzo sura ya 6, Nuhu anaamriwa kuingiza wawili wawili wa kila aina. Katika sura ya 7, wanyama walio safi wanakuwa saba saba. Mvua ni ya siku 40 mahali pamoja, na maji yana nguvu kwa siku 150 mahali pengine. Jina la Mungu nalo hubadilikabadilika. Jean Astruc, tabibu wa Ufaransa, alipendekeza mwaka 1753 kwamba tofauti za majina zinaashiria kuwako kwa maandiko ya awali yaliyounganishwa, na katika karne ya 19 wataalamu wa Ujerumani, Julius Wellhausen akiwa mashuhuri miongoni mwao, waliijenga hoja hiyo ikawa nadharia kamili. Maelezo ya nadharia hiyo yanaendelea kubishaniwa, lakini jambo moja ni gumu kulikana: aliyeyaweka matini haya katika hali yake ya sasa hakuona haja ya kuzisawazisha hesabu. Mwanatarihi angechagua idadi moja. Mtungaji wa hadithi aliye huru angezificha kingo. Huyu alizihifadhi riwaya zote mbili, kama mrithi asiyethubutu kutupa kitu alichoachiwa.

Isidhaniwe kwamba swali hili ni la Ulaya peke yake. Mwaka 1926 Taha Hussein, katika kitabu chake kuhusu ushairi wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu, aliandika kwamba kutajwa kwa Ibrahimu na Ismaili katika Taurati na Kurani hakutoshi peke yake kuthibitisha kuwako kwao kitarihi. Zogo lililofuata lilimlazimu kuitoa sehemu hiyo katika toleo la baadaye. Mwaka 1947, katika chuo kikuu hicho hicho cha Kairo, Muhammad Ahmad Khalafallah aliwasilisha tasnifu kuhusu sanaa ya visa katika Kurani, akishikilia kwamba visa hivyo vimekusudiwa kuonya na kuathiri nyoyo, si kufunza tarihi. Tasnifu ilikataliwa. Khalafallah hakuwa mkanushaji. Alikuwa akitafuta njia ya kuikinga Kurani dhidi ya wale walioipima kwa kalenda.

Hata hivyo njia hiyo ina ukomo wake. Kisa cha Nuhu katika Sura ya 11 kinafungwa kwa tamko kwamba hizo ni katika habari za ghaibu ambazo Mtume na watu wake hawakuwa wakizijua kabla. Hayo ni madai ya ukweli. Erich Auerbach, akilinganisha Homer na kisa cha Ibrahimu katika kitabu chake cha 1946, alionyesha kwamba masimulizi ya Kiebrania nayo hayatafuti kumfurahisha msikilizaji bali kumtiisha; hayaombi kusikilizwa, yanadai kuaminiwa. Mhakiki anayesema kwamba visa hivi havijali iwapo mambo yalitukia hajavisoma. Analoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba dai la ukweli ni sehemu ya fani ya matini, na kwamba kulitambua dai si sawa na kulithibitisha wala kulibatilisha.

Washairi wa pwani walilijua hili kwa namna yao. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na Herakli wa Rumi. Katika tarihi, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukukutana na jeshi la Kirumi. Hakuna dalili kwamba hadhira ya Pate ilijiona imedanganywa, wala kwamba ilidhani inaburudishwa tu.

Sasa litazamwe lile swali la nani anayesema. Katika Gilgamesh, aliyenusurika anajisimulia mwenyewe: masimulizi ya gharika ni kauli ya Utnapishtim kwa mgeni wake. Katika Kurani, Nuhu ni msemaji mkuu. Anawahubiria watu wake, anajibizana na wakuu wanaomdharau, anamsihi mwanawe apande pamoja naye, na mwana anajibu kwamba atapanda mlima utakaomkinga. Wimbi linapita kati yao. Nuhu kisha anamlilia Mola wake juu ya huyo mwana, anajibiwa kwamba huyo si katika ahali zake, naye anaomba msamaha kwa kuomba asilolijua. Mwana huyu hayumo kabisa katika Mwanzo, ambako wana wote watatu wanaokoka.

Nuhu wa Mwanzo ni bubu. Anaagizwa kuunda safina, anaiunda. Anaambiwa aingie, anaingia. Anaambiwa atoke, anatoka. Hamwombei mtu yeyote, hauonyi mji wowote. Katika sura zote hizo msimulizi hamnukuu hata neno moja, mpaka maji yamekauka, mzabibu umepandwa, divai imenywewa, naye amelala uchi hemani mwake. Hamu, mwanawe, anauona uchi huo na kuwapasha nduguze habari. Nuhu anapolevuka ndipo anapofungua kinywa kwa mara ya kwanza katika kitabu, na neno lake la kwanza ni laana. Wala laana haimwangukii Hamu bali Kanaani mwana wa Hamu, ambaye hajatajwa kuwa alifanya lolote.

Wataalamu wengi wanaiona laana hii kuwa kisasili katika maana halisi ya neno, yaani kisa cha asili: kinaeleza kwa nini Wakanaani walistahili kuwa chini ya Waisraeli. Ikisomwa hivyo inafahamika, na mipaka yake inaonekana. Iliposomwa kama tarihi ya jamii zote za dunia, ikawa kitu kingine. Matini hayataji rangi ya mtu yeyote. Hata hivyo kwa karne nyingi walikuwako waandishi wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu walioihusisha na weusi wa ngozi, na katika karne ya 19 wenye watumwa wa Marekani wakaifanya hati ya umiliki. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya 1377, alikuwa ameshaikataa tafsiri hiyo akieleza kwamba Taurati haisemi lolote kuhusu weusi, na kwamba rangi hutokana na hali ya hewa.

Kisha Hamu akageuzwa. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa uzao bora uliotoka Ethiopia, na C. G. Seligman mwaka 1930 akaeneza fundisho kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti, watu aliowahesabu upande wa weupe. Jina lililokuwa la laana likawa la ubwana. Nchini Rwanda na Burundi wakoloni walilitumia kuwatenga Watutsi na Wahutu, na baadaye waliotaka kuwaangamiza Watutsi wakalishika kwa ncha ya pili: kama walitoka Ethiopia, basi si wenyeji. Mnamo Novemba 1992 Léon Mugesera alitamka hadharani kwamba warudishwe huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Mwaka 1994 maiti zilifuata mito mpaka zikafika Ziwa Viktoria.

Ingekuwa rahisi kusema hapa kwamba kosa lilikuwa kukichukua kisasili kuwa tarihi. Lakini Speke na Seligman walijiona wanasayansi, na Seligman hakuhitaji kuamini kwamba Nuhu aliwahi kuishi ili alitumie jina la mwanawe. Kuhamisha kisa kutoka kabati la tarihi hadi kabati la visasili hakukukizuia kuua. Kilichopotea ni usomaji wa chini kuliko huo, ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kwa riwaya yoyote: kauli ya mhusika si kauli ya msimulizi. Mwanzoni mwa sura ya 9, Mungu anawabariki Nuhu na wanawe, Hamu akiwamo. Laana inakuja baadaye, kinywani mwa mzee aliyezinduka kutoka ulevini, na hakuna popote katika kisa hicho ambapo Mungu anaitikia. Msimulizi naye haongezi neno. Anataja tu kwamba Nuhu aliishi miaka 350 baada ya gharika, na kwamba siku zake zote zilikuwa miaka 950, akafa. Katika Kurani, Sura ya 29, miaka 950 ni ile aliyokaa na watu wake kabla ya tufani kuwachukua.